Aliyecheka na Aliyesambaza Nao Wamo

Kuna tabia imeingia mitaani mwetu na imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ni tabia ya kumchukua mtoto wa mwenzio, aliyekosea na asiyekosea, na kumbandika kwenye simu ili halaiki imcheke. Vijana wanaiita utani. Wengine wanasema wanachangamsha kundi. Wahenga waliijua zamani, wakasema mzaha mzaha hutumbua usaha.

Matokeo ya kidato cha nne siku hizi huwekwa mtandaoni, na mwenye kuijua namba ya mtahiniwa huweza kuyaona kabla hata mzazi hajapata habari. Binti wa jirani yangu hapa Tanga alipata ziro. Kijana aliyesoma naye akaipiga picha skrini, akaizungushia ile ziro wino mwekundu, akaweka pembeni picha ya binti mwenyewe akiwa amevaa gauni la harusi ya dada yake, kisha akaandika maneno ambayo gazeti la watu wenye heshima haliwezi kuyachapa. Akayatupa katika kundi la WhatsApp la mtaa. Alasiri haijaadhiniwa, picha imeshafika Muheza na Korogwe. Mama mtu aliletewa na ndugu yake wa Dar es Salaam, aliyemwuliza, "Dada, huyu si mwanao?"

Siku tatu mtoto hakutoka chumbani. Chakula kikiingia, kinatoka kama kilivyo. Madrasa alikokuwa akiwasomesha wadogo alifu na bee, hakurudi tena, maana alijua wale wadogo nao wana kaka na dada wenye simu.

Sasa nauliza: nani alimuumiza binti yule? Mtajibu haraka kwamba ni yule kijana. Kijana alikuwa mmoja. Kundi lilikuwa na watu zaidi ya mia, wamo wake za watu, wamo wazee wenye mvi wanaoamkiwa shikamoo asubuhi hadi jioni, wamo walimu wenzangu. Mimi nimeshika chaki miaka thelathini na moja, nami natahayari kulisema hilo. Hakuna hata mmoja aliyeandika "mwanangu, futa hiyo." Walioandika waliweka vikatuni vya kucheka hadi machozi, na waliokaa kimya waliisambaza kwa siri. Kijana aliwasha kiberiti. Kuni mlileta nyinyi.

Dini zetu zimeshalimaliza jambo hili, sina haja ya kuthibitisha. Muislamu anaijua Surat Al-Hujurat, namna inavyokataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya, kisha ikamfananisha msengenyaji na mla nyama ya nduguye aliyekufa. Mkristo anaujua mlango wa tatu wa Waraka wa Yakobo, ulimi ulivyofananishwa na moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa. Je, mnadhani malaika huandika ya ulimi tu, ya kidole gumba wakayaacha?

Wala msiniambie kwamba kusutana ni mambo yetu ya Pwani tangu na tangu. Ni kweli, bibi zetu wamesutana kwa kanga na kwa mafumbo ya taarabu. Lakini aliyevaa kanga ile alikuwa mtu mzima akimkabili mtu mzima mwenzake, akipita mlangoni kwake kwa miguu yake, uso wake ukionekana. Aliyesutwa naye alikwenda dukani akatafuta kanga ya kujibu. Maneno yakizidi, wazee waliwaita barazani wakawapatanisha, na kanga yenyewe ikifuliwa mara kumi rangi inakwenda na ugomvi unakwenda nayo. Na hakuna aliyenunua kanga kumsuta mtoto! Hii ya simu haina uso, haina mzee wa kuamua, wala haichuji. Mtu aliyeko Muscat ataifungua miaka kumi ijayo, nayo ni mbichi kama siku ilipotumwa.

Zamani mtoto aliyeonewa shuleni alikuwa na kengele ya kumwokoa. Ikigongwa anakimbilia kwao, na kwao wabaya wake hawafiki. Leo mbaya wake analala naye ndani ya chandarua. Saa nane za usiku simu inatetemeka, mtoto anaangalia nani tena amesema nini. Hapati usingizi, asubuhi anasinzia darasani, na mwalimu asiyejua anamwita mvivu. Mtoto wa miaka 15, akili yake yote iko kwa wenzake, na wenzake wakimcheka huona ulimwengu mzima unamcheka. Akipanda bajaji anadhani dereva ameiona. Akipita dukani, kicheko cha watu wawili wenye mazungumzo yao anakichukua kuwa chake. Taratibu anajitenga, na huko alikojitenga ndiko kwenye hatari.

Mwaka 2012, huko Kanada, msichana wa miaka 15 aitwaye Amanda Todd aliweka video mtandaoni. Hakusema neno, alionyesha karatasi moja baada ya nyingine, zimeandikwa mateso yake. Mtu mzima asiyemfahamu alipata picha yake ya faragha, akamtisha kwayo, akaisambaza. Alihama shule, picha ikamfuata. Akahama tena, ikamfuata. Mwezi mmoja baada ya video ile alijitoa uhai. Mtu yule, raia wa Uholanzi, alitiwa hatiani na mahakama ya Kanada mwaka 2022. Miaka kumi! Na vijana wetu wanaoombana "koneksheni" usiku, yaani picha za faragha za watu, wajue wanaomba kitu cha namna hiyohiyo: mtoto wa mtu asiyejua kama kutakucha.

Sheria tunayo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia simanzi, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Jirani zetu wa Kenya wana yao ya mwaka 2018. Lakini sheria hufika maji yakiwa yameshamwagika, nayo hayazoleki.

Na lugha mnayotukania! Hapa siwezi kunyamaza. Mnaandika "xaxa" kwa sasa, "cjui" kwa sijui, "2po" kwa tupo. Kiswahili hiki kilichobeba tenzi na hukumu za makadhi mnakivunja mifupa, kisha mwaka wa mtihani mnashangaa insha zenu zinarudi na alama nyekundu. Herufi mbili mnazookoa mnazipeleka wapi? Mtu akizoea kuharakisha neno, huzoea pia kulituma kabla hajalifikiri.

Wazazi nanyi mna sehemu yenu. Mtoto akija analia kwamba ametukanwa, mnamnyang'anya simu yeye aliyetukanwa. Anajifunza nini? Anajifunza kunyamaza. Mwulizeni kwanza, mkae naye, mhifadhi ujumbe ule kama ushahidi. Kuna namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Kupiga ni bure.

Vijana wa Tanga nawajua, na nawapenda. Ni nyinyi mnaochimba kaburi usiku wa mvua bila kuuliza ni la nani. Mwenzenu akilazwa, ni kwa simu hizohizo mnachangishana, na kabla ya magharibi fedha ya dawa imepatikana. Watu wenye moyo huo wanashindwaje kuandika neno moja, "futa"?

Binti wa jirani yangu sasa yuko Korogwe kwa shangazi yake, anajifunza kushona. Idd iliyopita hakuja. Nyumba ya mama yake haijahama, mlango uko wazi tangu alfajiri, na katika watu wale zaidi ya mia, waliokwenda kuomba radhi hadi leo ni wawili.