MAMA NA NYUMBA YAKE: Ua Litambaalo na Maji Yake



Mama mmoja wa pande za Msimbati ameniuliza hivi: "Ua langu la kopo nililoliweka chini ya picha ya Bikira Maria lanyauka. Majani yageuka manjano, nami nalinywesha maji kila asubuhi na kila jioni. Nimekosa nini?" Swali lake ni zuri, kwa maana ua hilo limekwisha kuingia katika nyumba nyingi za Mtwara, na Mikindani, na huku vijijini pia. Basi leo tulizungumze.

Ua tunalolisema ni lile lenye majani ya umbo la moyo, ya kijani yenye mabaka ya manjano. Shina lake huning'inia kama kamba, au hutambaa ukutani likipewa msumari wa kushikia. Wataalamu wa mimea huliita Epipremnum aureum. Asili yake ni kisiwa cha Mo'orea katika bahari ya Pasifiki. Kule msituni hupanda juu ya miti mikubwa, chini ya kivuli. Ukikumbuka hayo umekwisha jua nusu ya utunzaji wake: lapenda joto, lapenda kivuli chenye mwanga, wala halipendi kukaa matopeni.

Kwanza, mahali pake. Liweke karibu na dirisha au mlango, ila jua kali lisilifikie, kwa maana jua la mchana huyachoma majani. Likiwekwa gizani kabisa halifi upesi, lakini shina hurefuka ovyo na mabaka ya manjano hupotea. Kila mara ufute majani kwa kitambaa chenye unyevu, ili vumbi na moshi wa jikoni visiyazibe.

Pili, maji. Mama yetu wa Msimbati hakukosa upendo, bali aliuzidisha. Mizizi nayo huvuta hewa. Udongo ukilowa siku zote, mizizi huoza na majani hugeuka manjano. Chomeka kidole udongoni mpaka kifundo cha pili. Kikitoka kikavu, nywesha. Kikitoka na udongo mbichi, acha mpaka siku nyingine. Wakati wa masika huenda ukakaa juma zima bila kunywesha. Tena kopo litobolewe chini matundu matatu au manne.

Tatu, chumvi. Sisi tukaao pwani twajua kwamba visima vingine vya karibu na bahari hutoa maji ya chumvichumvi. Maji hayo huunguza ncha za majani zikawa za kahawia. Afadhali maji ya mvua, au yale uliyooshea mchele. Vilevile, ukitaka kuchanganya makumbi ya nazi katika udongo ili uwe mwepesi, usichukue yale yaliyofukiwa ufukoni kwa kusokota kamba, mpaka umeyasuuza vema mara kadhaa. Udongo mzuri ni ule mweusi wa chini ya mwembe, pale majani yalipooza, uchanganywe na mchanga wa mtoni.

Nne, kuzidisha. Kata kipande cha shina chini kidogo ya kifundo, ukitie katika chupa ya maji. Baada ya majuma mawili au matatu utaona mizizi, nawe waweza kumpa jirani.

Lakini hapo penye chupa ya maji ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu jambo hili ni kubwa kuliko ua.

Katika miaka ya 1952 na 1953 homa kali iliwashika watu wa uwanda wa juu wa Makonde, huko Newala na vijiji vyake. Wagonjwa walishikwa na maumivu ya viungo hata wakatembea wamejipinda. Watu wenyewe waliipa jina katika Kimakonde, chikungunya, maana yake kile kinachompinda mtu. Madaktari waliandika habari zake mwaka 1955, na jina hilo la nyumbani kwetu sasa limo katika vitabu vya waganga wa dunia nzima. Ugonjwa wenyewe ulifika mbali: mwaka 2005 na 2006 uliwapata watu wengi sana katika kisiwa cha Réunion na nchi ya India, na mwaka 2013 ulivuka hata visiwa vya Karibi.

Nani aliyeueneza? Mbu. Wala si yule wa malaria aumaye usiku, bali mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, aumaye mchana. Chandarua cha usiku hakitoshi kumzuia. Naye hapendi mabwawa; apenda maji yaliyotulia karibu na watu: mitungi isiyofunikwa, makopo, vifuu vya nazi, na chupa za maua. Juu ya uwanda wa Makonde maji yalikuwa ya shida, watu wakayaweka akiba nyumbani, na mbu akapata makao. Mbu huyohuyo hueneza pia homa ya dengi, ambayo iliwasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Yai lake, likiwa majini penye joto kama letu, huwa mbu arukaye katika siku saba hata kumi. Kwa hiyo nawapa kanuni nyepesi: kila Jumamosi, mnapofagia nyumba na kutayarisha nguo za Misa, mwageni maji ya chupa ya ua. Maji hayo mwageni juu ya udongo mkavu, viluwiluwi wafe. Kisha sugueni chupa kwa ndani, kwa sababu mayai hushika ukutani mwa chombo na huweza kuishi miezi mingi bila maji. Kisahani cha chini ya kopo kijazeni mchanga. Mitungi ifunikwe, na vifuu vya uani vikusanywe. Kazi hiyo yafaa wapewe watoto wakubwa, wapate kujifunza.

Mtu akishikwa na homa, apelekwe zahanati akapimwe. Tusiseme tu, "Ni malaria," tukameza dawa tulizobakiza. Wala asipewe aspirini kabla ya kupimwa, kwa maana ikiwa ni dengi huweza kuzidisha kutoka damu.

Neno moja zaidi kwa wenye watoto wachanga. Ua hili ni jamaa ya magimbi. Mnajua jinsi gimbi bichi linavyowasha koo. Basi majani ya ua hili yana washo lilelile, na kuyapika si dawa, kwa kuwa si chakula. Litundikeni juu, na shina lisining'inie mpaka afikapo mtoto atambaaye. Mtoto akilitafuna, mfute kinywa, mpe maji baridi au maziwa, wala usimtapishe. Midomo au ulimi ukivimba, au akipumua kwa shida, mkimbize zahanati mara moja. Mabaki ya kupogoa msiwatupie mbuzi, nao huumia.

Wako watu katika nchi za Asia waaminio kwamba ua hili huleta fedha nyumbani. Sisi tusidanganyike, riziki huja kwa jasho na kwa baraka ya Mungu. Lakini kijani kidogo kando ya picha takatifu, katika mwezi wa Mei au katika Rozari ya Oktoba wakati nchi imekauka, huipendeza nyumba na kumtukuza Muumba.

Nawe mama wa Msimbati, acha kulinywesha mpaka udongo ukauke, toboa kopo lako, na majani ya manjano uyakate. Chipukizi jipya likitokea, tuandikie.

Mpaka juma lijalo, kaeni na amani ya Kristu.