Konokono Atoe Ushahidi

Mtu aishiye ukutani mwa kiwanda akilalamika kwamba moshi unawadhuru wanawe, huulizwa: “Una ushahidi gani?” Swali ni halali, ingawa mara nyingi huulizwa ili kumnyamazisha. Yafaa basi tujue kwamba ushahidi waweza kutolewa na kiumbe tunayemkanyaga bila kumtazama.

Konokono wa nchi kavu haendi mbali. Hutambaa juu ya ardhi kwa mwili mtupu wenye unyevu, hula majani yaliyoangukiwa na vumbi, hata udongo wenyewe hula. Kwa njia hizo metali za sumu, kama risasi na kadmiamu, humwingia na kukaa katika tezi ya kumeng’enyea chakula, ambayo kwake ni kama ini. Kadmiamu huifunga ndani ya protini maalumu, asife upesi. Ndiyo maana mwili wake huweka kumbukumbu ya yaliyompata. (Shaba ni habari nyingine: aihitaji katika damu yake, hivyo kuikuta tu si dalili ya uchafuzi.)

Kaskazini mwa Ufaransa, katika mji wa Noyelles-Godault, kiwanda cha kuyeyusha risasi na zinki kilifanya kazi kwa zaidi ya karne moja hata kikafungwa mwaka 2003. Watafiti waliwachukua konokono wachanga waliofugwa mahali safi, wakawaweka katika vizimba juu ya udongo wa eneo lile kwa siku 28, kisha wakapima kilichowaingia. Ikaonekana kwamba kiasi cha metali kilichomo udongoni hakitoshi kutujulisha kiasi kitakachoingia katika kiumbe hai, kwa maana uchachu wa udongo na mboji yake vyaweza kuishika sumu au kuiachilia. Mkemia apimaye udongo peke yake amejibu nusu ya swali.

Kwetu nusu ya pili imekwisha kujibiwa kwa gharama kubwa. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwasumisha wakazi kwa risasi, na miongoni mwa ushahidi vilikuwamo vipimo vya damu vya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Amri hiyo ilitenguliwa katika rufani, hata Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha Desemba 2024.

Konokono hachukui nafasi ya daktari. Mtoto aliyekwisha kuvuta vumbi hilo sharti apimwe damu. Lakini vizimba vingeweza kuwekwa kando ya ukuta mapema, kabla mtoto hajaugua. Viongozi wa jumuiya zilizo jirani na karakana za betri na waiulize mamlaka ya mazingira: udongo wa hapa ulipimwa lini, ulipimwa kwa njia gani, na majibu yamewekwa wapi?