BUTURA MPYA IKO KWENYE SIMU ZETU

Vijana wenzangu wa Karagwe na Kyerwa,

Butura tunaijua wote. Mkulima kabanwa na shida, anauza kahawa ikiwa bado maua kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, anayevuna ni mwingine. Serikali inaipiga marufuku kila mwaka. Lakini ipo butura nyingine, na hii hakuna anayeihangaikia.

Uko kijiweni Omurushaka au Nkwenda unasubiri abiria, unafungua TikTok, YouTube au Facebook. Programu inaandika kila kitu: video ipi umeitazama hadi mwisho, ipi umeiruka, ipi umeirudia, saa ngapi. Kisha inakuweka kwenye fungu lako: huyu mpenda mpira, huyu anatafuta kazi, huyu anasaka mtaji. Kampuni yenye bidhaa inalipia kulifikia fungu hilo. Jina lako halihitajiki, shida yako inatosha.

Ndiyo maana ukitazama magoli mawili, la tatu ni tangazo la kubeti. Ukitafuta habari za mtaji, unaletewa mkopo wa haraka usio na dhamana. Na bando linaloliwa na tangazo hilo umelinunua wewe! Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Zilikuwa zinamkopesha nani kama si kijana?

Wapo watakaosema: "Si mnatumia bure? Acheni kutazama." Jamani, hata mkulima wa butura hakushikiwa bunduki. Aliuza kwa sababu ya shida. Sisi ni zaidi, maana hata bei hatuijui.

Wenzetu wanabana. Septemba 2019 Marekani iliitoza Google na YouTube yake dola milioni 170 kwa kukusanya taarifa za watoto bila ridhaa ya wazazi. Septemba 2023 Ayalandi iliipiga TikTok faini ya euro milioni 345, kosa likiwa hilohilo la taarifa za watoto.

Kwenye karatasi na sisi tuko vizuri. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Sheria hiyo inakupa haki ya kukataa taarifa zako zisitumike kukutangazia biashara. Nani kakuambia hilo? Diwani? Mbunge?

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Tume ije Kayanga na Rubwera, isiishie Dodoma. Masharti ya programu yaandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Na matangazo ya kubeti yasimfikie mwenye umri chini ya miaka 18.

Wakati tunadai, leo hii ingia kwenye mipangilio ya simu yako, zima ruhusa ya mahali ulipo na ya majina ya simu kwa programu isiyoyahitaji.

Kahawa yetu tumeipigania. Na hii ni mali yetu pia.