Tangazo la Maradhi Lionjwe Kabla ya Kupakuliwa

Hakuna mpishi wa shughuli, awe wa Lamu au wa Vanga, anayepakua pilau kabla ya kuionja. Hata akiwa na uzoefu wa miaka thelathini, atachota kidogo aonje, na pengine atamwita mwenziwe aonje pia, kwa kuwa ulimi wa mmoja huweza kudanganya. Lakini tangazo la maradhi, ambalo likiharibika huharibu maisha ya watu, aghalabu huandikwa ofisini, likapigwa muhuri, likapelekwa redioni na kubandikwa ukutani, pasi na mtu hata mmoja wa mtaani kuulizwa amefahamu nini.

Sisi twaona kuwa mtindo huu haufai. Mfano wetu tutautoa Nakuru na Bonde la Ufa, kwani huko ndiko yalikopewa jina maradhi ambayo yametufika hata sisi wa pwani.

Mwaka 1931 wataalamu watatu, Daubney, Hudson na Garnham, walichapisha habari za maradhi mapya yaliyoua kondoo katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Nakuru. Kondoo wenye mimba waliziharibu, na wana-kondoo wakafa kwa wingi. Maradhi hayo yakaitwa homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 2000 yalivuka Bahari ya Shamu yakaingia Saudia na Yemen, ambako kwa Kiarabu huitwa homa ya bonde lililopasuka. Kisha, tangu mwisho wa Novemba 2006 hadi Machi 2007, Kenya ilihesabu wagonjwa 684, na 234 kati yao walifariki. Maradhi yalishika Garissa, yakafika Tana River na Kilifi, na kwa upande wa Bonde la Ufa yakaingia Baringo. Katika Tanzania, mwaka huo wa 2007, walihesabiwa wagonjwa 264 na vifo 109.

Tulitazame jina kwanza, maana jina nalo ni tangazo. Mfugaji wa Tana River akiambiwa ajihadhari na homa ya Bonde la Ufa, si ajabu akadhani kuwa hayo ni mambo ya watu wa Nakuru, na kwamba yeye aliye kando ya mto hayamhusu. Neno homa nalo lina mashaka yake. Kwetu pwani homa ni joto la mwili, na wengi hufikiria malaria. Huko bara, ukisema una homa, wengi watafahamu kuwa una mafua. Kwa hiyo tangazo moja, kwa maneno yale yale, litamfanya huyu ameze dawa ya malaria na yule anywe chai ya tangawizi, na hapana hata mmoja aliyefahamishwa habari ya damu ya mnyama. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba maradhi mapya yasipewe majina ya mahali wala ya watu. Majina ya zamani yamebaki, na mzigo wa kuyafafanua umewabakia waandishi wa matangazo.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe. Homa hii huenezwa baina ya wanyama na mbu wanaozaliwa kwa wingi baada ya mafuriko. Mbu huweza kumwambukiza mtu pia, lakini wengi wa wagonjwa huambukizwa kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa: anapochinjwa, anapochunwa, au anaposaidiwa kuzaa. Maziwa mabichi nayo yana hatari. Basi aliye hatarini zaidi ni mwenye kisu, wala si mwenye sahani ya nyama iliyopikwa ikaiva. Tangazo likisema tu "Msile nyama", mlaji ataogopa, na mchinjaji hatajua kuwa ni yeye anayesemeshwa.

Tena kuna jambo ambalo mwandishi wa ofisini huenda asilijue, na sisi Waislamu twalijua. Mzoga ni haramu. Mfugaji akimwona mbuzi wake amelegea, hukimbilia kisu ili amuwahi kabla hajafa, asipoteze mali yake. Nia yake ni kuikimbia haramu, na huku amejitia mikono katika damu yenye maradhi. Mtu huyu haimfai kitu kuambiwa "Epukeni mizoga", kwa kuwa mzoga ameshauepuka. Yafaa aambiwe waziwazi: mnyama mgonjwa usimchinje, mwite daktari wa mifugo. Mwisho wa Disemba 2006, maradhi yalipokuwa yamepamba moto, iliingia Idi ya Kuchinja, na katika wilaya zilizoambukizwa kuchinja kulipigwa marufuku. Tangazo la wakati kama huo likikosa neno juu ya kuchinja kwa Idi, kila msikilizaji atajitolea fatwa yake mwenyewe.

Kulionja tangazo hakuhitaji elimu kubwa. Kila aliyepita chuoni anaijua njia. Mwalimu wa Kurani hamwulizi mwanafunzi, "Umeshika?" Humwambia, "Haya, nisomee," na hapo ndipo kosa linapodhihirika. Na kwa tangazo ni hivyo hivyo. Mtu wa kwetu ukimwuliza kama amefahamu, atajibu "Naam, nimefahamu" kwa adabu tu, asije akakutahayarisha. Basi mpe tangazo alisikilize mara moja, kama atakavyolisikia redioni, kisha mwambie akueleze kwa maneno yake. Mwulize: anayeambiwa hapa ni nani? Wewe kesho asubuhi utafanya nini? Liko neno lililokuudhi au kukutia haya? Waulizwe watu kumi au kumi na watano, mmoja mmoja, wasiwe wa ofisini wala jamaa zao. Watano wakikosea mahali pamoja, kosa ni la tangazo. Lisahihishwe, kisha wasomewe watu wengine upya.

Nakuru, iliyopandishwa kuwa jiji mwaka 2021, ni mahali pazuri pa kuianzia kazi hii. Katika mashamba ya maua ya Naivasha wamo wafanyakazi kutoka pembe nyingi za Kenya. Kuna wafugaji wa Kimasai, na katika Baringo iliyo jirani kuna Watugen na Wailchamus. Mtaa wa Bondeni una Waislamu wa tangu zamani. Wote hao husema Kiswahili, ila Kiswahili chao hakifanani, na tangazo litakalofahamika kwao wote limeshapita mtihani mkubwa.

Tukumbuke pia siku za korona. Tarehe 26 Machi 2021 kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zilifungwa kama eneo moja. Maana yake ni kwamba mtu wa Nakuru aliweza kwenda Nairobi, lakini Baringo iliyo jirani asiende. Msikilizaji wa kawaida angeweza kudhani kuwa kila kaunti imefungwa peke yake. Swali moja kwa abiria kumi kituoni lingetosha kujua wamefahamu vipi. Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) juu ya tauni yatufaa hapa kwa mfano: yaliwasemesha watu wa pande mbili, aliye nje ya mji asiingie, na aliye ndani asitoke, kila mmoja akajua lake.

Watatokea wa kusema kuwa maradhi hayangoji maswali. Sisi twajibu kwamba kuwauliza watu kumi ni kazi ya mchana mmoja, na tangazo lililofahamika vibaya huchukua majuma kulirekebisha. Isitoshe, homa ya Bonde la Ufa hupiga hodi kabla ya kuingia, kwani hufuata mvua kubwa. Mwaka 2006 wataalamu waliotazama joto la bahari, mvua na majani ya nchi kwa setilaiti walitoa onyo majuma kadhaa kabla ya wagonjwa wa kwanza kujulikana. Na hata pasipo onyo, tangazo laweza kuandikwa na kuonjwa wakati wa kiangazi, likawekwa kabatini kungojea mvua.

Kwa hiyo twawaomba maofisa wa afya na wa mifugo wa Nakuru, Baringo, Tana River na Kilifi wakae pamoja mapema. Wawaite wachinjaji, wafugaji, maimamu, na akina mama wanaokama maziwa; wawasomee, kisha wao wanyamaze wasikilize. Na wenye redio, kabla ya kulisoma tangazo, waulize limeonjwa na nani. Mvua kubwa zilikuja mwaka 1997, zikaja tena mwaka 2006, na maradhi yakazifuata mara zote mbili. Zitakuja tena, na asiyeziba ufa hujenga ukuta.