Sikio la Mwanagenzi Lisiuzwe

Sisi tunaopenda ushairi tumezoea kugombana kuhusu vina na mizani, lakini ni mara chache tunauliza nani analifunza sikio la mtoto kabla hajafika kwetu. Nauliza leo kwa sababu jibu limebadilika. Zamani alikuwa bibi, manju wa ngoma, ustadhi wa madrasa au kiongozi wa kwaya. Sasa wamejiongeza Apple, Google, Microsoft na ByteDance, nao hawakuja kumtafuta fundi wa muziki. Wamemjia mwanagenzi, yule ambaye hajawahi kuushika udi wala kukaa mbele ya kinanda.

Biashara hii haikuanza jana. Mwaka 2002 Apple iliinunua Emagic, kampuni ya Ujerumani iliyotengeneza programu ya wanamuziki iitwayo Logic. Januari 2004 ikatoa GarageBand, programu ya wasiojua: unachukua vipande vya ngoma na gita vilivyokwisha rekodiwa, unavipanga kwenye kioo, na wimbo umepatikana. Mwaka 2009 Microsoft ilileta Songsmith, inayomtafutia mwimbaji ala za kumsindikiza. Mwaka 2016 Google iliweka Chrome Music Lab mtandaoni, ikapata nafasi madarasani. Mwaka 2017 Spotify iliinunua Soundtrap ya Sweden. Mwaka 2023 ByteDance, wenye TikTok, waliijaribu Ripple, ambayo ukiivumishia sauti hukujibu kwa muziki. Desemba ya mwaka huohuo Microsoft ikaiunganisha Suno na Copilot yake, na hapo hata kuimba hakuhitajiki: unaandika sentensi, unapewa wimbo kamili, maneno na sauti ya mwimbaji.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kampuni hizi hazikuisoma methali hii kwetu, lakini zinaifuata. Fundi ana mazoea yake na hahami kirahisi. Mwanagenzi akianzia kwako, kazi zake, mazoea yake na fedha zake za kesho zimo mikononi mwako. Ndiyo maana cha mwanzo hutolewa bure.

Sigombani na bure. Nagombana na somo linalofundishwa bila kutangazwa. Fungua wimbo mpya katika GarageBand: kabla hujagusa kitu, imekwisha amuliwa kwamba mwendo ni mapigo 120 kwa dakika, kwamba mapigo huhesabiwa manne manne, na kwamba ufunguo ni C meja. Waweza kubadilisha, naam. Ila mwanagenzi hajui kuwa kuna la kubadilisha. Hilo ni chaguo la watu fulani walioko California, lakini kwake yeye huo ndio muziki wenyewe.

Hapa ndipo ushairi wetu unapoguswa. Mshororo wa mizani kumi na sita huingia vizuri katika mapigo manne, na hilo ndilo linalonitia hofu, kwa kuwa kinachopotea hakionekani. Utenzi haughaniwi kwa mlio wa saa ya ukutani. Mghani huvuta silabi ya kina, hupumua panapostahili, huharakisha penye vita na kutulia penye msiba. Katika miaka yangu ya kufundisha sekondari, kuhesabu mizani wanafunzi walikujua ndani ya wiki moja. Kughani kulichukua muhula mzima, maana hakuna kanuni ya kuandika ubaoni: humsikiliza anayejua, kisha humwiga. Mashine inayolazimisha kila silabi ikae juu ya mstari wake inamfundisha mwanafunzi huyo kwamba pumzi yake ni kosa.

Taarabu nayo ina sauti zinazokaa katikati ya vitufe. Udi na fidla hazina vigawanyo shingoni, na ganuni ina vichuma vidogo vya kubadilisha urefu wa nyuzi, ili mpigaji aifikie sauti iliyo baina ya nota mbili za piano. Kinanda cha kwenye kioo, kama anavyokikuta mwanagenzi, kina sauti kumi na mbili zilizopangwa kwa nafasi sawa. Atakayekulia humo atamsikia mpigaji wa udi na kudhani amekosea.

Nitaambiwa kwamba kampuni zaweza kuziongeza ala zetu. Zaweza kweli. Mwaka 2016 Apple iliingiza katika GarageBand ala za Kichina, zikiwemo erhu na pipa (si pipa la maji, bali ala ya nyuzi). Soko la China lina uzito, ala zikaingia. Basi kinachoamua ala ipi ipewe nafasi ni hesabu ya wateja, wala si ugumu wa ufundi. Mpiga zeze wa Ugogo asubiri zamu yake katika hesabu hiyo?

Hoja nzito zaidi ni ya vijana wa Dar es Salaam. Mchiriku ulijengwa juu ya vinanda vidogo vya Casio, na singeli ikapikwa katika kompyuta za uswahilini kwa kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika. Mashine za wageni, muziki wa kwetu. Nakubali, na nawavulia kofia. Lakini tazameni kilichotangulia. Masikio yao yalikuwa yamekwisha jazwa ngoma za Wazaramo na taarabu za harusini. Walijua wanachokitaka, wakailazimisha mashine iwatii. Mfano wao unaniunga mkono: sikio kwanza, mashine baadaye.

Historia yetu pia inatupa kipimo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zao kwa Kampuni ya Gramophone, chini ya chapa ya His Master's Voice. Ilikuwa kampuni kubwa ya kigeni, ikitafuta faida kama hizi za leo. Ila iliwakuta wasanii walioiva, ikauza sauti ambayo haikuiumba. Hawa wa sasa wanafika kabla sauti haijaota.

Tena, anayekupa bure hafungwi na ahadi. Apple ilipoinunua Emagic, iliacha kutengeneza Logic ya Windows, na waliokuwa wakiitumia huko wakaachwa njiani. Programu yake ya Music Memos, iliyozinduliwa mwaka 2016, ilisitishwa mwaka 2021. Spotify iliirudisha Soundtrap kwa waanzilishi wake mwaka 2023. Huo ni uhuru wao wa kibiashara, lakini shule haiwezi kuujenga mtaala juu ya uhuru wa mtu mwingine.

Nadai mambo matatu. Kwanza, kughani kufundishwe kwa mdomo darasani kabla mwanafunzi hajaandika ubeti wake wa kwanza, na vyuo vya ualimu vimwandae mwalimu kwa kazi hiyo. Pili, shule inayopokea programu ya bure iulize: je, kazi za wanafunzi zaweza kutolewa humo na kufunguliwa kwingine? Je, mapigo yaweza kuzimwa? Tatu, mafundi wetu wa programu wakae na wapigaji wa udi na ganuni wa Zanzibar, wakiwemo wa Chuo cha Muziki cha Nchi za Majahazi, watengeneze chombo cha kuanzia chenye sauti zetu na majina ya Kiswahili.

Nawe msomaji mwenye mjukuu nyumbani, usingoje wizara. Mghanie utenzi jioni hii, akurudishie beti mbili tatu hata kama anakosea. Simu ataipata tu.