MBEGU BILA UJUZI NI MZIGO

Wapo wanaoamini kwamba mkulima akishapata mbegu na mnunuzi, maendeleo yamekamilika. Imani hiyo ni potofu, na ushahidi uko Katavi.

Katika miaka ya 2000 kampuni ya Kijerumani, PROKON, iliingia mikataba na wakulima wadogo wa wilaya ya Mpanda, ambayo wakati huo ilikuwa mkoani Rukwa na ilijumuisha Inyonga. Walitakiwa kulima mibono kaburi kwa ajili ya mafuta ya mitambo. Januari 2014 kampuni mama ilikwenda mahakamani huko Ujerumani kuomba kufilisiwa. Mbono si alizeti. Mbegu zake zina sumu: mnunuzi akiondoka, haziliki wala hazilishwi mifugo.

Kosa si la mti. Mafuta ya mmea ni mazito mno kwa injini ya dizeli. Yakichanganywa na methanoli na kichocheo kidogo, kwa kawaida kostiki soda, hutengana na gliserini yakawa mepesi. Kichocheo huharakisha kazi bila chenyewe kuliwa. Kilo 100 za mafuta na takriban kilo 11 za methanoli hutoa karibu kilo 100 za dizeli ya mimea na kilo 10 za gliserini. Lakini mafuta yakiingia maji au yakichacha, kostiki soda ile ile hufanya sabuni, na dizeli huharibika.

Katika kanuni hiyo yote, mkulima aliachiwa jembe peke yake. Kichocheo, mtambo na soko vilibaki kwa wengine. Huu ni mkataba ule ule wa katani na pamba ya wakoloni, uliovishwa kanzu mpya.

Watasema kemia si kazi ya wanavijiji. Mbona kampuni ya KAKUTE ya Arusha iliwafundisha akina mama wa Monduli kutengeneza sabuni ya mbono, wakauza sabuni badala ya mbegu? Ni kweli kwamba methanoli ni sumu na hushika moto upesi. Hiyo ni hoja ya kuandaa mafundi, si hoja ya kuendelea kuuza magunia.

Hapa walimu na watumishi wa umma hawawezi kukwepa lawama. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, lakini mwanafunzi bado anakariri kwamba manganizi dayoksaidi huharakisha utoaji wa oksijeni, anafaulu mtihani, kisha anarudi kijijini asione uhusiano wowote kati ya somo hilo na mafuta yaliyomo jikoni kwa mama yake. Naye ofisa anayeletewa mkataba wa zao jipya huuliza ekari ngapi zitalimwa. Haulizi nani atamiliki kinu, nani atachukua gliserini, na mkulima atafanya nini mnunuzi akitoweka.

Maswali hayo na yaulizwe kabla ya mche wa kwanza kupandwa. Taifa linalouza mbegu na kununua mafuta yake limejifunga lenyewe kamba shingoni.