Ndimu haipatani na sabuni ya mawese



Juma lililopita mama mmoja wa kikundi kinachotengeneza sabuni aliniletea chupa. Chini mlikuwa na maji meupe kama ya kuoshea mchele, juu yake tabaka zito la manjano, linateleza kama mafuta. Walikuwa wamekwangua vipande vya sabuni yao ya mawese, wakaviyeyusha katika maji ya moto ili wapate sabuni ya maji ya kuogeshea watoto. Ilitoka vizuri. Kisha mtu akawaambia kwamba ngozi ya mtoto inataka uchachu kidogo, pH 5.5, kama shampoo za dukani zinavyojisifu. Wakakamua ndimu 20 ndani ya ndoo. Jioni hakuna povu. Pesa ya likelemba ya mwezi mzima imo ndani ya ndoo ile. Akaniuliza: «Mwalimu, tumelogwa ao tumekosea?»

Hamkulogwa, mama.

Chembe ya sabuni ina kichwa na mkia. Mkia ulitoka kwenye mawese, nao unapenda mafuta na kukimbia maji. Kichwa kina umeme kidogo, na kinapenda maji. Chembe zikiwa nyingi majini, zinajipanga kama watoto waliolala kwenye mkeka mmoja wa duara: mikia yote katikati, vichwa vyote nje. Kundi hilo linaitwa miseli. James McBain, aliyefundisha kemia Bristol kule Uingereza, ndiye aliyeeleza mwaka 1913 kwamba sabuni hukusanyika hivyo. Uchafu wa mafuta unajificha katikati, pamoja na mikia, na maji yanaubeba kwenda zake.

Sasa uchachu. Tunaupima kwa pH: 7 ni katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni upande wa majivu na soda kostiki. Maji ya ziwa letu Tanganyika yako karibu na 9. Sabuni ya mawese iko 9 au 10. Ndimu iko karibu na 2. Ukiikamua ndani ya sabuni, uchachu unashika kile kichwa na kuuzima umeme wake. Kichwa kisicho na umeme hakipendi maji tena. Miseli zinavunjika, na chembe zinarudi kuwa asidi ya mafuta, inayoelea juu. Ndilo lile tabaka la manjano katika chupa.

Lakini yule mtu aliyewashauri hakusema uongo wote. Ngozi yetu kweli ina uchachu kidogo, na kuna shampoo za watoto zinazokaa karibu na 5.5 bila kuharibika. Siri yao ni kichwa cha namna nyingine. Badala ya kichwa cha sabuni, wenye viwanda wanafunga mkia wa mafuta ya nazi au ya mawese kwenye asidi amino, yaani vile vipande vinavyojenga protini ya ndakala na maharagwe. Moja ni glutamati. Ndiyo ile Kikunae Ikeda aliyoitoa kwenye mwani wa baharini huko Japani mwaka 1908, na leo inatia ladha katika kube za Maggi. Mpishi na muuza shampoo wanachota chungu kimoja!

Glutamati ina sehemu mbili za kushika maji. Uchachu ukizima moja, nyingine bado inashika. Tena, uchachu mdogo unaisaidia. Vichwa vyenye umeme wa aina moja vinasukumana, kama sumaku mbili mlizogeuza vibaya. Umeme ukipungua kidogo, vinakubali kukaa karibu, na miseli inaundika hata kama chembe ni chache majini. Ukizidisha uchachu, sehemu zote mbili zinazimika, maji yanapata ukungu, na hadithi inakuwa ile ile ya ndoo yenu. Na si zote zina uvumilivu sawa: ile ya glisini haitaki uchachu hata kidogo. Kwenye karatasi ya chupa tafuteni neno linaloishia na «glutamate» ao «sarcosinate». Mimi singenunua kwa bei ile. Sabuni ya kawaida kidogo, na maji mengi ya kusuuzia, inatosha kwa mtoto mwenye ngozi nzima.

Neno moja juu ya mikono, kwa sababu kipindupindu tunakijua hapa kwetu. Ukishasugua samaki kwa ndimu, ao ukitoa mikono katika maji ya muhogo uliolowekwa, maana yale nayo ni machachu, usipake sabuni juu yake papo hapo. Suuza kwanza kwa maji matupu, kisha sabuni. Bila hivyo unasugua mafuta yasiyosafisha kitu, ukidhani umenawa.

Na ndoo je? Haijapotea. Ndimu moja kubwa ina asidi ya gramu 2 hivi, kwa hiyo ndimu 20 ni kama gramu 40. Gramu 40 za asidi hiyo zinakula gramu 25 za soda kostiki. Mkiirudishia soda kiasi hicho, ao pungufu kidogo, vichwa vinapata umeme tena na sabuni inarudi. Soda inatiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, na watoto wakae mbali. Jumamosi tutajaribu kwa kikombe kimoja kwanza. Ndoo ile ina vikombe 40, kwa hiyo tutapima sehemu moja ya 40, yaani gramu 0.6 hivi. Mwenye mizani ndogo ya kupimia dhahabu atuazime.